Nimelipia Mbps 50, usiku napata 14: nipandishe kifurushi au nihame kampuni?

#1 · Kasuku Mkimya
Wakuu, habari za jioni. Eneo ni Tabata, nyumba ya vyumba vinne, kuta za tofali za saruji. Faiba imeingia sebuleni, ruta ni ile ile waliyofunga wenye kampuni, imekaa nyuma ya TV. Kifurushi ni Mbps 50. Asubuhi simu inasoma 38 hadi 45. Ikifika saa mbili usiku inashuka hadi 14, na chumba cha nyuma ni 6 au WiFi inakata kabisa. Matumizi: TV moja, simu kama sita, kamera nne za nje, na kompyuta moja ya kazi yenye vikao vya video. Huduma kwa wateja wanashauri nipande Mbps 100. Kuna kampuni nyingine imeshapitisha waya wake kwenye nguzo za mtaa, na kuna vijana wa ruta za 5G wanagonga mageti. Jina la kampuni naliacha, nataka ufundi, si matusi. Nianzie wapi?

#2 · FundiWaya
Usilipe hata senti kabla hujapima kwa waya. Kipimo cha simu kwenye WiFi kinapima WiFi yako, hakipimi faiba.

Chukua kompyuta yenye tundu la LAN, chomeka waya wa Cat5e au Cat6 kwenye LAN1 ya ruta, kisha zima WiFi ya kompyuta. Angalia kwanza kompyuta na ruta zimeungana kwa kasi gani, isome 1.0 Gbps. Ikisoma 100 Mbps, ama tundu la upande mmoja mwisho wake ni 100, ama waya una jozi iliyokatika au una jozi mbili tu zinazofanya kazi. Kwa kifurushi cha 50 haikusumbui, ila ukija kupanda juu ya 100 utakwama kwenye 94 au 95 na lawama zitaenda kusikohusika. Halafu pima saa nne asubuhi, saa kumi jioni na saa tatu usiku, kila mara seva ile ile. Ukiiachia programu ya kupimia, Speedtest, ijichagulie, leo itakupa seva ya kampuni yako hapo hapo Dar, kesho ya kampuni nyingine, na namba hazitalinganishika.

Waya ukitoa 45 kwenda juu usiku, tatizo liko ndani ya nyumba, na hiyo Mbps 100 haitakifikia chumba cha nyuma. Waya ukitoa 14, hapo ndipo mna la kuzungumza na kampuni.

#3 · Jirani wa Kanisa
Ruta nyuma ya TV halafu mtu anataka kuhama kampuni. Bado hujasema kama imefunikwa kitambaa cha kufuma.

#4 · Mzee wa Splaisi
FundiWaya yuko sawa ila amemaliza haraka mno. Kushuka kila siku saa zile zile ni dalili ya msongamano wa mtaa. Faiba nyingi za majumbani hapa ni GPON, yaani faiba ya kugawana. Nyuzi moja inatoka kwenye kituo, inafika kwenye kisanduku cha nguzo, inagawanywa na splita kwa nyumba 32, kwingine 64. Wote mnagawana Gbps 2.5 za kushusha na Gbps 1.25 za kupandisha. Jioni watu wamerudi makwao, kila nyumba inatazama video. Hata ukinunua 100, unanunua haki ya kugombania kilekile.

#5 · Mchuuzi wa Data
Mzee wa Splaisi, piga hesabu. Gbps 2.488 kugawa kwa 32 ni kama Mbps 78 kila nyumba, zote 32 zikishusha kwa nguvu zote sekunde ile ile, jambo ambalo halitokei. Kwenye 64 ni kama 39. Splita si mchawi. Mchawi, kama yupo, ni kiungo cha kutoka kituoni kwenda makao makuu, na uwezo ambao kampuni imenunua kutoka nje. Huko ndiko wanakobana matumizi, na huko hakuna fundi wa nguzo anayeweza kukusaidia.

#6 · Mzee wa Splaisi
Hesabu yako ni ya karatasi. Kwenye mitaa mingi splita ni za hatua mbili, 1:8 halafu 1:8 nyingine, na wateja wakiongezeka wanachomekwa popote penye tundu. Kila 1:8 inakula mwanga kama dB 10.5 (dB ni kipimo cha upotevu). Hapo hujahesabu viunganishi, dB 0.3 hadi 0.5 kila kimoja. Kasuku, ingia kwenye ruta yako, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.100.1 (anwani, jina na nywila viko kwenye stika ya chini), tafuta ukurasa wa hali ya faiba, utuletee namba ya Rx Power, yaani nguvu ya mwanga unaokufikia; ikienda mbali na sifuri, mwanga ni hafifu. Kati ya -15 na -24 dBm uko salama. Vifaa vya daraja la kawaida vinafika hadi -27 kabla ya kupotea. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu usihangaike na menyu, waya umekatika au umekunjwa.

#7 · Mama Tunu
Naomba kuuliza kidogo tu. Mbps 50 mbona faili linashuka kwa 6 kwenye kompyuta? Ni kuibiwa?

#8 · Mchuuzi wa Data
Hapana mama. Kampuni inauza biti, kompyuta inaonyesha baiti. Gawa kwa 8: 50 ni 6.25. Ukiona 5.8 hadi 6 umepata haki yako yote.

#9 · Kasuku Mkimya
Asanteni. Kitambaa kilikuwepo kweli, kimeshaondolewa. Majibu:
Waya, asubuhi 48 kushuka, 24 kupanda. Waya, saa tatu usiku 41 kushuka, 22 kupanda. Rx Power -26.4. Pingi (muda wa kwenda na kurudi, kwa milisekunde) ya seva ya Dar ni 7 ms kukiwa kimya, lakini mtu akianza kupandisha video inaruka hadi 380, na kikao cha kazi kinaanza kukatakata.

#10 · FundiWaya
Kesi imekwisha. 41 usiku kwa waya, 14 kwa simu. WiFi hiyo. Jioni majirani nao wamewasha ruta zao zote na simu zao zote, na kwenye 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ruta za kampuni hukaa "auto" au hupangwa 40 MHz, zinakula nusu ya barabara na kugongana na kila mtu. Kwa hiyo hata ile hoja ya "inashuka jioni, basi ni mtaa" haithibitishi kitu. Hewa nayo ina msongamano wa jioni.

Rekebisha hivi:
2.4 GHz: upana 20 MHz, chaneli moja kati ya hizo tatu, ile yenye majirani wachache. Programu ya bure ya kuchanganua WiFi kwenye Android itakuonyesha.
5 GHz: upana 80 MHz, chaneli 36 kama iko wazi. Ipe jina tofauti na 2.4 ili uone kifaa gani kiko wapi. TV na kompyuta ziende 5.
Ruta itoke nyuma ya TV, ikae mita moja na nusu kutoka sakafuni, mbali na kioo kikubwa, friji na tangi la maji.

Chumba cha nyuma hakitapona kwa hayo. 5 GHz haipendi tofali za saruji, ukuta wa pili tayari imechoka. Usinunue ripita ya kuchomeka ukutani. Ile ya redio moja inapokea na kurusha kwa redio hiyo hiyo, kasi inakatika nusu papo hapo. Vuta Cat6 hadi chumba cha nyuma, funga ruta ya pili kama kituo cha WiFi: ipe anwani 192.168.1.2 kama ruta kuu ni 192.168.1.1, zima DHCP yake (ile inayogawa anwani kwa vifaa), na waya uingie kwenye tundu la LAN, la vifaa vya ndani, si la WAN, la kupokea intaneti. Watu wengi wanaingiza WAN, wanapata mitandao miwili ndani ya nyumba moja, halafu TV haioni simu.

#11 · Mzee wa Splaisi
Kesi imekwisha wapi? Mmeiruka -26.4. Hiyo ni ukingoni. Joto likiongezeka, kiunganishi kikipata vumbi, nyuzi ikisukumwa na upepo kwenye nguzo, anapotea. Na kabla ya kupotea kuna makosa, data inatumwa upya. Aite kampuni, waje na kipimo cha mwanga, wapime kwenye kisanduku cha nguzo na sebuleni. Nguzo ikisoma -21 na sebuleni -26, tatizo liko kati: mkunjo mkali kwenye kona ya dirisha, au mtu amechomeka kiunganishi cha bluu kwenye cha kijani. Kijani kimekatwa kwa mshazari wa digrii 8, bluu kimelala sawa. Ukivilazimisha mwanga unavuja na vichwa vinakwaruzana.

#12 · Mchuuzi wa Data
dBm haina saa, Mzee. Ingekuwa mwanga, asubuhi asingepata 48. Aitengeneze, ndiyo, ila haielezi jioni.

#13 · Nyangumi
Ninyi mnagombania kushuka, mwenzenu amewaambia pingi inaruka hadi 380 mtu akipandisha video. Hiyo ndiyo inayoua vikao. Foleni ya kupandisha ndani ya ruta imejaa: lori la mchanga limekaa getini na bodaboda zote ziko nyuma yake, ingawa bodaboda inahitaji upenyo tu. Kikao cha video hakihitaji hata Mbps 4, kinahitaji kupita mapema.

Dawa ni ruta yenye SQM, yaani usimamizi wa foleni. OpenWrt, programu huria ya ruta, inayo; chagua aina ya CAKE, weka kikomo cha kushuka 37 na kupanda 20, yaani chini kidogo ya namba zako za waya za usiku, ili foleni ijengeke kwako na si kwenye ruta ya kampuni. Kisha pandisha faili kubwa huku ukipima pingi. Ikibaki chini ya 30 umemaliza. Kwenda Mbps 100 bila hili ni kuongeza ukubwa wa geti na lori nalo likakua.

Na zile kamera nne, zinarekodi wapi? Kamera ya 1080p inayotuma kwenye wingu saa zote inakula Mbps 2 hadi 4 ya kupandisha. Nne ni 8 hadi 16 kati ya 22.

#14 · Jirani wa Kanisa
Kamera zikiwa na kisanduku chake cha kurekodi ndani, hazitumii intaneti mpaka mtu azitazame akiwa nje. Umeruka hilo.

#15 · Nyangumi
Ndiyo maana nimeuliza zinarekodi wapi, mkuu. Soma kabla ya kurusha.

#16 · Mkunazi254
Salamu kutoka Mombasa. Naongeza upande wa kuchagua kampuni, maana kichwa cha uzi kinauliza hilo pia. Huku Septemba 2024 Safaricom walipandisha kasi za faiba ya nyumbani kwa bei ile ile: 10 ikawa 15, 20 ikawa 30, 40 ikawa 80, 100 ikawa 500, na wakaleta ya Gbps 1. Ile ya 15 ikabaki shilingi za Kenya 2,999. Hawakuota usingizini, ushindani uliwasukuma. Starlink, ile intaneti ya setilaiti, ilikuwa imeingia Kenya Julai 2023. Kwa hiyo mkiwa na kampuni mbili mtaani, mpigie ya kwanza umwambie ya pili imefika kabla hujalipia chochote.

#17 · Bahati Nasibu
Si bora achukue hiyo ya setilaiti aachane na nguzo kabisa?

#18 · Mkunazi254
Ya setilaiti ni nzuri mahali ambapo nguzo haijafika. Mjini ina mgao pia: Novemba 2024 Starlink walisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa. Splita iko angani, tofauti ni hiyo tu. Tena sahani inataka anga wazi pande zote na inakula umeme wati 50 kwenda juu kwa ile ya kawaida, wakati ruta ya faiba ni wati 10 hadi 12.

#19 · Mchuuzi wa Data
Na kwenu Tanzania mkumbuke kifaa cha mawasiliano bila kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kinakamatwa. Usilete sahani kwa njia ya basi halafu ulie.

Kuhusu 5G: Vodacom waliizindua Septemba 2022, na wengine wakafuata. Ruta ya 5G si mbaya, ila usiinunue kwa kuangalia vijiti. Mwombe kijana wa geti aiwashe ndani ya nyumba yako, saa mbili usiku na si saa tano asubuhi, afungue ukurasa wa ishara. RSRP, nguvu ya ishara, ya -80 ni nzuri, -100 inakokota, -110 achana nayo. SINR, usafi wa ishara dhidi ya kelele, juu ya 20 safi, chini ya 5 itakusumbua. RSRP nzuri na SINR mbovu ina maana mnara uko karibu lakini kelele ni nyingi. Hapo sogeza ruta dirisha la upande mwingine upime tena. Halafu muulize "bila kikomo" yake inapunguzwa kasi ukifika GB ngapi, na inapunguzwa hadi Mbps ngapi. Asipoweza kujibu kwa namba, jibu umelipata.

#20 · Mpemba Halisi
Jamani mwazungumzia nyumba tu, bahari je? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja kule pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Siku hiyo Mbps 50 na Mbps 500 zilikuwa sawasawa. Mimi swali langu la kwanza kwa kampuni yoyote ni hili: mkongo wa kusini ukikatika, nyie mnatokea wapi? Anayenunua njia moja tu, hata awe na bei ya dezo, simtaki.

#21 · Bahati Nasibu
SEACOM si ndiyo ya 2010?

#22 · Mpemba Halisi
SEACOM ilianza Julai 2009. EASSy ndiyo 2010. Na mapema 2024 Bahari ya Shamu nako zilikatika nyingine, ikiwemo ya SEACOM, kwa hiyo "tuna njia ya kaskazini" nayo si jibu kamili, mwulize na ya nchi kavu kupitia Kenya.

#23 · FundiWaya
Hiyo ni tofauti na kesi ya Kasuku. Bahari ikikatika, unaona pingi ya Dar ni 7 na ya Ulaya imepanda au imekufa. Na kwa video maarufu hata bahari ikisumbua mara nyingi zinatiririka, maana nakala ziko kwenye seva za ndani. Kwenye nyuzi kila kilomita 1,000 ni kama ms 10 kwenda na kurudi, kwa hiyo anayekuahidi pingi ya 20 hadi London muulize amepita ardhi ipi.

#24 · Kasuku Mkimya
Kamera zinatuma kwenye wingu, ndiyo. Nimehamisha ruta na kupanga chaneli kama #10: simu sebuleni saa tatu usiku inasoma 37 kwenye 5 GHz. Chumba cha nyuma bado 9. Pingi bado inaruka. Ruta ya kampuni haina hiyo SQM. Nikinunua ruta yangu, naitoa yao?

#25 · Nyangumi
Usiitoe. Kile kifaa kimesajiliwa kituoni kwa namba yake, ukichomeka kingine hakitatambulika. Waombe wakiweke kwenye hali ya daraja, yaani kipitishe tu, halafu ruta yako ndiyo ipige PPPoE, yaani iingie kwa kampuni kwa jina na nywila. Dai vitu vitatu kwa maandishi: jina la PPPoE, nywila yake, na namba ya VLAN, ile inayotambulisha njia ya intaneti ndani ya faiba. Bila VLAN utakaa siku nzima unaangalia taa. Weka MTU, ukubwa wa juu wa pakiti, 1492. Wakikataa hali ya daraja, chomeka ruta yako nyuma ya yao kwa WAN, zima WiFi ya kwao, na SQM itafanya kazi vile vile.

#26 · Jirani wa Kanisa
#10 alisema WAN ni dhambi, #25 anasema chomeka WAN. Tushike lipi?

#27 · FundiWaya
Ruta ya pili ikiwa kituo cha WiFi tu, LAN. Ikiwa ndiyo inayosimamia foleni, WAN, na vifaa vyote vihamie kwake. Acha uchokozi.

#28 · Mzee wa Splaisi
Na kabla ya kusaini na hiyo kampuni ya pili, uliza pia: anwani ya IP ni ya umma au ya kugawana? Ukiona ukurasa wa WAN unaanza na 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya ukuta wa pamoja. Kufungua milango ya kuingilia kwenye kisanduku cha kamera ukiwa nje hakutafanya kazi, utategemea programu ya mtengenezaji. Uliza kupandisha ni Mbps ngapi, si kushusha pekee. Uliza kifaa ni chako au cha kuazima. Na waya wa zamani usikatwe hadi mpya upite usiku kadhaa wa kazi. Malalamiko yakigoma kwenye kampuni, yapeleke TCRA ukiwa na namba ya malalamiko waliyokupa na picha za vipimo vya waya. Picha za WiFi watazitupa.

#29 · Mama Tunu
Umeme ukikatika je? Faiba inakufa?

#30 · Mchuuzi wa Data
Faiba yenyewe haihitaji umeme mtaani, splita ni kioo tu. Kituo kina betri zake. Kinachokufa ni ruta yako. Nunua UPS ndogo ya DC, ila soma stika: "10,000 mAh" ni kwa volti 3.7, yaani Wh 37. Ruta mbili zikila wati 15, toa upotevu, unapata kama saa mbili. Betri ya volti 12 Ah 7 ni Wh 84, hiyo inakwenda mbali zaidi. Hakikisha volti ya ruta: nyingi ni 12, zipo za 9 na 5, na plagi inaingia vizuri tu kabla ya moshi kutoka.

#31 · Bahati Nasibu
Na hiyo Cat6 ya chumba cha nyuma, Kariakoo wanauza boksi mbili zinazofanana, moja ni karibu nusu ya bei ya nyingine. Tofauti ni nini?

#32 · FundiWaya
Ya rahisi ni CCA, alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: shaba inabaki nyekundu hadi ndani, CCA inatoa weupe. Boksi la mita 305 la shaba ni zito, lile jingine unalinyanyua kwa mkono mmoja. Kwa mita 15 za data tu itavumilia, ingawa inakatika kirahisi kwenye kiunganishi. Mpangilio wa rangi, ncha zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifungue msokoto zaidi ya sentimita 1.3.

#33 · Jirani wa Kanisa
Na kamera za PoE, zinazopata umeme kwa waya huo huo wa mtandao, je, zinakubali CCA?

#34 · Nyangumi
Kwa waya mfupi zinakubali. Ukifika mita 60 volti imeshuka njiani, mchana kamera inafanya kazi, usiku taa zake za infraredi zikiwaka inadai wati zaidi, inajizima na kuwaka, inajizima na kuwaka. Watu hubadilisha kamera. Badilisha waya.